Ijumaa Mashine Ilipoamka Yenyewe

Rukia alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Mkomani, nakaanga vitunguu, akaniambia Athumani katutoka alfajiri na anazikwa Jomvu Kuu baada ya adhuhuri. Nilizima jiko. Vitunguu vikabaki vile vile, nusu vibichi nusu vyekundu, nami nikaketi kwenye kigoda nikajikuta nacheka. Astaghfirullah, msinielewe vibaya. Nililia pia, tena nililia sana, lakini kicheko ndicho kilichotangulia, kwa sababu kila nikimkumbuka Athumani namwona amesimama mbele ya swichi kuu ya ofisi yetu ya Changamwe, kanzu ya Ijumaa imepigwa pasi ikanyooka, kidole juu, anaapa mbele ya watu wote. Rukia naye alikuwa akicheka huku anapenga kamasi. "Wakumbuka alivyoapa?" akaniuliza. Nitasahauje na kile kiapo alikila kwa jina langu mimi! Ule ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina cheo, sina mume, sina hata meza ya maana, na mambo yote niliyoyapata baadaye katika kazi yangu yalianzia mwaka ule, katika chumba kile.

Kilikuwa chumba kirefu, juu ya ghala, madirisha yake yanatazama uwanja wa kontena. Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, ndogo lakini yenye heshima zake. Mwenye kampuni, Mzee Sefu, alikaa kwenye kijichumba cha kioo akitutazama sote kama yuko dukani. Rukia alikaa mapokezi, karibu na ngazi, ili habari zote zimpitie yeye kwanza. Katikati alikaa Athumani, mtu wa makamo, mwembamba, na mbele yake jalada kubwa lenye kila kontena lililoingia na kutoka, kwa hati nzuri usiyochoka kuitazama. Ukimwuliza kontena fulani liko wapi hafungui jalada, atakujibu tu, kisha afungue kukuonyesha kwamba hakukosea. Mimi nilikaa mwisho kabisa, ubavuni mwa mlango wa choo, na taipureta yangu. Kila aliyekwenda haja alinisalimu mara mbili. Saa nne yalikuja mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwa mama mmoja wa pale chini, tukala sote meza moja, ya Athumani, baada ya yeye kuliondoa jalada lake kwa mikono miwili na kuliweka juu ya kabati, maana tone la tui likiliangukia tungehama mji.

Mwaka ule Mzee Sefu alinunua seva, kompyuta kuu ya kuzilisha zile nyingine. Kwetu sisi ilikuwa sanduku la bati lenye sauti ya feni mbovu, liliwekwa pembeni juu ya meza mpya ya mninga, na waya zikatambaa ukutani hadi kwenye kompyuta ya Rukia na ile ya Mzee. Mfumo wa kuiendesha ulikuwa Linux, kwa sababu Mzee aliambiwa Linux ni bure na neno hilo alilipenda. Juu yake ilitakiwa ikae programu ya kufuatilia kontena, na programu yenyewe haiendi mpaka mashine iwe na Java, programu nyingine ya kuibeba. Alikuja mtaalamu kutoka Nairobi, sisi tukimwita Inginia, akashinda siku nne akigonga vidole na kunywa soda. Siku ya nne akafunga mkoba. "Hiyo kitu iko sawa kabisa," akatuambia. "Ni Java tu ndiyo inasumbua. Mtaweka mpya, iko kwa hii diski." Akaacha diski mbili na kitabu kinene, akaenda zake. Tukaiwasha programu, ikakataa. Tukaiwasha tena, ikakataa. Mzee Sefu akatoka kwenye kioo chake, akapita meza zote mpaka akafika kwangu. "Zuhura, wewe si ulisomea kompyuta?" Nikamjibu, "Abee, nilisomea, miezi sita, pale Likoni." Akasema, "Basi iangalie. Ikikaa sawa kabla ya Ramadhani, mashine hii na meza yake ni vyako, na atakayetaka habari ya kontena ataanzia kwako. Isipokaa, tunarudi kwenye jalada, na wewe unarudi kwenye taipu, na tusisumbuane." Athumani alikuwa akichonga penseli. Hakuinua uso, lakini nilimwona anatabasamu.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe, na nitaueleza kama nilivyoujua wakati ule, kwa shida. Ndani ya mashine kulikuwa na Java mbili. Moja ilikuja na Linux yenyewe, ya zamani, dhaifu, imewekwa chumba cha mbele ambako programu nyingi hukaa. Ya pili ndiyo ile mpya ya diski, nami niliifungulia chumba chake huko ndani. Zote mbili zinaitwa java. Ukiitajia mashine jina hilo, haiendi kutafuta nyumba nzima. Ina orodha ya vyumba, inapita kimoja kimoja kwa mpangilio, na inayokutwa kwanza ndiyo inayofanya kazi. Hiyo orodha huitwa PATH, na kitabu kile kilichukua kurasa kumi na moja kuniambia hilo. Nikaingia kwa jina langu na nenosiri langu, nikaandika kwenye faili langu kwamba mimi nikiita java, tafuta kwanza kile chumba kipya. Nikaandika na mstari mwingine, JAVA_HOME, wa kuijulisha programu nyumba ya Java ni ipi. Ikawa Jumatatu, kama saa tano. Nikaiwasha. Skrini ikanyamaza, ikanyamaza, halafu kontena zikaanza kujipanga moja chini ya moja. Nilipiga kigelegele pale pale, sikujizuia. "Lo!" akasema Athumani. "Ofisi imegeuka harusi." Nikamwambia alete zawadi basi. Siku zile nne nilizozipata kabla ya Ijumaa nilitembea kwa maringo, wallahi, hata chooni nilikwenda nikijiona bibi.

Ijumaa ndiyo iliyonivunja. Kampuni yetu ilikuwa na kawaida moja ambayo haikuwa na mjadala. Zamani, enzi za marehemu baba yake Mzee Sefu, watu walikwenda kuswali Ijumaa wakaacha feni inazunguka, na waliporudi nusu ya ghala ilikuwa majivu. Tangu hapo, kila Ijumaa saa sita, umeme wote unakatwa kwenye swichi kuu, na ufunguo wa kisanduku cha swichi anao Athumani peke yake. Saa nane watu wakirudi msikitini anaupandisha. Basi ile Ijumaa ya kwanza niliizima seva vizuri, kwa adabu zote, Athumani akakata umeme, wakaenda, wakarudi, akapandisha. Mashine ikaamka. Inginia alikwisha kuipa maagizo kwamba ikiamka iiwashe programu yenyewe, bila mtu. Rukia akaandika namba ya kontena. Hakuna kitu. Nikakimbia pale, nikaingia kwa jina langu, nikaiwasha kwa mkono, ikaja bila ubishi. Nikasema ni bahati mbaya. Ijumaa ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Siku nyingine zote ilikuwa nzima kabisa, maana haizimwi, na umeme ukikatika kidogo kulikuwa na betri ya kuishikilia.

Hapo maneno yakaanza. Nikiwa mezani kwangu niliwasikia Athumani na dereva mmoja wakinong'ona ndani ya choo, kuta zile zilikuwa za mbao nyembamba. "Dude lile halitaki Ijumaa," Athumani alikuwa akisema. "Siku sita zima, siku ya saba limekufa. Kitu gani hicho?" Jumatatu Rukia alikuja na chetezo na udi kutoka kwao, akaifukiza seva mbele na nyuma, moshi ukaingia kwenye matundu ya feni, mimi nikapiga chafya mpaka machozi. Nilimgombeza, lakini niseme kweli? Moyoni nilimwachia amalize. Ijumaa ya nne, vile vile, na Mzee Sefu akampigia simu Inginia pale pale, akajibiwa, "Msiiguse hiyo kitu, nitakuja mwezi ujao." Mzee akarudisha simu taratibu, akaniita. "Ijumaa ijayo, baada ya swala, wanakuja watu wa majani ya chai," akaniambia. "Wakituona tuna mashine inayojua mizigo yao iko wapi, kazi yao yote ni yetu. Kwa hiyo sikiliza. Hutaigusa. Umeme ukirudi, iamke yenyewe." Nikasema, "Lakini Mzee, mimi nikiiwasha inafanya kazi, ni dakika moja tu." Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Leo upo, Zuhura. Ukiugua je? Ukiolewa? Siwezi kuweka kampuni juu ya kitu kinachomsubiri mtu mmoja aje akiamshe. Isipoamka Ijumaa, basi." Hapo ndipo Athumani akasimama pale kwenye swichi yake, mbele ya Rukia, mbele ya madereva wawili waliokuja kuchukua karatasi, mbele ya Mzee mwenyewe. "Mimi hapa," akasema, "dude hili likiamka lenyewe siku ya Ijumaa, siitwi Athumani tena. Niiteni Zuhura!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka nao kisha nikaenda ngazini nikalia. Nilikuwa na hasira naye, lakini zaidi nilikuwa na woga, kwa sababu nilikwisha kuiona ile meza ya mninga kuwa yangu na sikutaka kurudi mlangoni mwa choo.

Jibu nililipata Likoni, uani, nikifua. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwanamisi, upande wa Shelly Beach, mama mtu mzima anayepika samaki wa kupaka mpaka jirani anakuja kuuliza kulikoni. Aliishi na mjukuu wake, aliyepewa jina la bibi yake kama ilivyo desturi, Mwanamisi na somo yake. Sisi wa ndani hatukupata taabu. Ukimtaka bibi unasema Bi Mwanamisi, ukimtaka mjukuu unasema Misi. Jumapili ile asubuhi akaja mgeni, mwanamke wa Kisauni, hatujawahi kumwona. "Hodi! Mwanamisi yupo?" Misi alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Abee," akaitika, na yule mgeni akaanza kumweleza habari ya shamba na wosia na mirathi ya mtu aliyekufa kabla mtoto hajazaliwa. Misi ameduwaa, ungo mkononi. Bibi mwenyewe yuko chumba cha ndani anasuka ukili, hana habari. Nikamwita mgeni nikamwambia, "Mama, siye huyo. Unayemtaka yuko ndani, chumba cha pili." Nikarudi kwenye beseni langu. Nikaishika kanga, nikaikamua, nikaishika tena, halafu nikaiacha ikaanguka majini. Mimi nikiita java, mimi ni mtu wa nyumba ile. Nimeingia kwa jina langu, na faili langu linajua chumba cha kwenda. Lakini siku ya Ijumaa mashine inaamka na hakuna mtu aliyeingia. Anayeita java siye mimi. Ni mgeni, anaitikiwa na yule wa mlangoni!

Sikutaka kubahatisha, maana nilikwisha kubahatisha vya kutosha. Jumatatu nikafungua faili la kuamshia, lile aliloliandika Inginia, nikaongeza maneno mawili matatu ya kuiagiza mashine, kila ikiamka, iandike pembeni orodha yake ya vyumba na Java iliyoikuta. Nilimwomba Mzee ruhusa ya kuizima mara moja tu, akanipa Jumatano saa ya chakula, dakika kumi, akasema na isiwe zaidi. Kila mtu alikuwa chini anakula viazi vya karai. Nikaizima, nikaiwasha, nikakaa mikono nyuma mpaka ikashindwa yenyewe. Ndipo nikaingia nikasoma ilichoandika. Orodha fupi, vyumba vya mbele tu. Java ya zamani. JAVA_HOME, patupu. Nilibusu skrini, yenye vumbi la udi. Dakika nne zilikuwa zimebaki. Nikaandika kwenye lile faili anwani nzima ya Java mpya, nyumba, chumba na mlango, ili asiitwe mtu kwa jina tupu. Nikaizima, nikaiwasha mara ya pili. Ikashindwa tena! Nikasoma. Safari hii Java iliyoitwa ilikuwa ile yenyewe, mpya, ila programu ilikuwa haijui vyombo vyake viko wapi, kwa sababu ule mstari wa JAVA_HOME nilikuwa nimeuacha kwenye faili langu mimi. Haraka nikauandika na kule. Kabla sijaizima kuijaribu, Mzee Sefu yuko ngazini na kijiti cha meno. "Muda," akasema. Nikaingia kwa jina langu, nikaiwasha kwa mkono, nikarudi kwenye taipu yangu. Nilikuwa na hakika. Lakini hata mara ya kwanza nilikuwa na hakika, na kutoka Jumatano ile mpaka Ijumaa sikula kitu kikapita kooni isipokuwa chai.

Ijumaa nilifika mapema. Saa sita nikaizima. Athumani alifungua kisanduku chake, akanitazama, akauliza, "Tayari, Zuhura?" Nikamjibu, "Tayari, Zuhura." Rukia akacheka mpaka akainama. Swichi ikashuka, feni zikasimama, wanaume wakaenda msikitini, nasi wanawake tukaswali adhuhuri yetu kwenye mkeka nyuma ya kabati. Sitawaficha nilichokiomba kwenye sijida ile. Nilimwomba Mwenyezi Mungu habari ya kompyuta, kwa jina lake, na faili lake. Saa nane wakarudi wananukia mafuta mazuri, na pamoja nao mabwana wawili wa majani ya chai, mmoja amevaa suti kwenye joto lile. Mzee akawakaribisha viti. Mimi akanionyesha kwa kidole mahali pangu, na nikakaa pale, viganja juu ya mapaja, watu wote waone.

Athumani akapandisha swichi. Feni za dari zikaanza kunung'unika. Seva ikatoa mlio wake, ikavuta pumzi, maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini, mimi niko mbali siyasomi, naona tu weupe unapanda. Yakasimama. Ni hapo ndipo ilipokuwa ikifa. Hata simu ya Rukia ilikuwa na adabu siku ile. Nikahesabu pumzi zangu. Mzee akasema, "Rukia. Haya." Rukia akaandika namba kwa kidole kimoja, huku midomo inasoma bismillahi. Akatazama. Akaendelea kutazama. Nikamwona machozi yanamtoka, nikasema moyoni, nimekwisha. Halafu yule mwanamke akavuta kigelegele ambacho nafikiri Jomvu nzima ilikisikia. "Ipo! Zuhura, ipo! Zote zipo!" Nilisimama kiti kikaanguka. Wale mabwana wakasogea. Mmoja akatoa karatasi mfukoni, akataja kontena yake, Rukia akaiandika, ikaja, siku iliyoingia, safu iliyowekwa, kila kitu. Mzee Sefu alimgeukia Athumani. Athumani akalishusha jalada lake kabatini kwa mikono miwili, akafungua, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti. Safu ile ile. Siku ile ile. Akataja kontena nyingine yeye mwenyewe, ya kumtega Rukia. Ikaja. Nyingine. Ikaja. Akalifunga jalada polepole, akaweka kiganja juu yake, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma, maana nilielewa alichokuwa anapoteza. Kisha akainua uso. "Haya," akasema. "Niiteni."

"Zuhura!" wakapiga kelele madereva. "Abee!" akaitika Athumani kwa sauti nyembamba, na yule bwana wa suti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha Athumani akaja mpaka mlangoni mwa choo, akakiinua kiti changu kilichoanguka, akakibeba juu juu katikati ya ofisi mpaka kwenye meza ya mninga, akakipangusa kwa kofia yake, akasema, "Karibu, mama." Kazi ya majani ya chai tuliipata. Inginia alipopiga simu kusema sasa ana nafasi ya kuja, Mzee Sefu alimjibu kwamba tunashukuru, tunaye wetu. Nilimsikia kupitia kioo. Nimetunza seva za watu miaka mingi tangu siku ile, kubwa kuliko chumba kizima cha Changamwe, na nimesifiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, lakini sijapata kusikia maneno matamu kama yale mawili, tunaye wetu. Mpaka Ramadhani ilipoingia, ukitaka habari ya kontena la zamani ulipaza sauti "Zuhura!" na tukaitika wawili, mmoja ana ndevu. Katikati ya mfungo Athumani akapata kazi bandarini kwenyewe. Simu za mkononi hatukuwa nazo sisi, watu walipotezana hivi hivi tu. Mwaka uliofuata nami nikaondoka, na sikumwona tena.

Nilifika Jomvu Kuu kwenye hitima siku ya tatu. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake tumejaa ndani, masinia ya pilau yanapita juu ya vichwa. Nilimpa mjane mkono, nikamwambia tulifanya kazi pamoja Changamwe, akanikaribisha chumba cha ndani karibu na kitanda, sikupata hata kumtajia jina. Mara sauti ya mwanamume ikaita kutoka mlango wa nje, "Zuhura! Leteni maji ya kunawa!" Kwa mazoea tu nikaitika, "Abee!" Na kutoka mlangoni, kwa pumzi ile ile, binti mmoja mrefu, mwembamba, ana paji la uso la Athumani mtupu, akaitika, "Abee!" Tukatazamana juu ya vichwa vya watu. Mjane alinikamata mkono. "Ni wewe?" akasema. "Ni wewe yule wa mashine? Huyu ni kitinda mimba wetu. Alizaliwa Shaabani ile ile ya kiapo, kabla ya mfungo. Nilitaka aitwe jina la mama yangu, marehemu akakataa kata kata. Alisema ameapa mbele ya watu, na yeye jina hilo halimkai, basi atalibeba mwana." Yule binti alikuwa amesimama na birika mkononi, hajui aende wapi. Mlangoni wakaita tena, kwa pupa kidogo, "Zuhura!" Nilimpungia mkono. "Itika wewe, somo," nikamwambia. "Wewe ndiwe uliye mlangoni."